Barua Isiyo na Mwandiko

Mwaka ule baba alipolazwa katika hospitali kubwa ya Kakamega, mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ndogo upande wa juu wa soko. Ofisi ilishughulika na watu wanaoishi kando ya msitu, kule Buyangu na vijiji vya karibu: miche, mizinga ya nyuki, majiko yasiyokula kuni nyingi. Sikuwa mtu wa maana sana hapo. Niliishia kidato cha pili, nikasomea taipu, na kompyuta ilipoletwa nikakabidhiwa kwa sababu vidole vyangu vilishazoea kugonga. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba mambo ya mitambo nitakayoyaeleza nayajua sana. Nayajua kwa kuwa yalinipata. Nimeyaandika na kuyafuta mara kadhaa, na hata sasa sina hakika kama nimemtendea haki kila mtu.

Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikuwa ng'ambo akisoma. Barua zake zilikuja kwa posta, zile karatasi nyembamba za buluu zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Baba alikuwa mkulima wa miwa Matungu, na kusoma alisoma polepole sana, lakini hakukubali kusomewa barua ya kaka kabla hajaishika yeye kwanza. Aliigeuza, akapapasa mgongo wa karatasi pale kalamu ilipokandamiza. Kaka aliandika kwa mkono wa kushoto. Walimu walijaribu kumgeuza kwa fimbo wakashindwa, na herufi zake zililala upande mmoja kama miwa iliyopigwa na mvua ya mawe. Baba akishaona herufi zimelala alisema, "Ni yeye. Sasa soma."

Ndani ya barua hizo hakukuwa na jambo kubwa. Baridi, mitihani, salamu kwa majirani. Jambo kubwa hawakuliandika. Baba alitaka kaka abaki ashike shamba, kaka akataka kwenda, na siku ya safari baba hakumsindikiza. Kaka alitoka nyumbani na sanduku lake, mama akamfikisha barabarani, baba akawa hayuko mahali pa kuonekana. Mama alikufa mwaka uliofuata. Tangu hapo lile neno lilibaki katikati ya wanaume wawili wanaojuliana hali ya hewa.

Baba alipoanza kuvimba tumbo na miguu yake ikabaki mifupa, daktari alituita pembeni, mimi na baba mdogo, akasema kama kuna watu wa kuitwa, waitwe. Nilimweleza baba kwa kuzunguka. Alinielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Usimwambie aje," alisema. "Nauli atatoa wapi. Muulize tu kama bado ana kinyongo na mimi. Aseme tu. Nisikie."

Hilo ndilo baba alilotaka duniani, na hakuongeza jingine mpaka mwisho.

Nambari ya simu ya kaka ilikuwa ya nyumba aliyokwisha kuhama. Tulipiga kutoka kibanda cha posta, mwanamke akapokea kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa yangu, tukawa tunapigiana kelele mpaka laini ikakatika. Nilituma barua ya posta pia, lakini hiyo ilikuwa ya majuma, na baba hakuwa na majuma. Kilichobaki ni anwani ambayo kaka aliiweka mwishoni mwa barua yake ya karibuni. Alisema chuoni kwao sasa kuna kompyuta, na mtu akimwandikia huko ataisoma siku hiyohiyo. Siku hizi tunaita barua pepe. Wakati ule tulisema imeli, na mjini kote ofisi zilizokuwa nayo zilihesabika.

Bosi wetu alinikubalia niitumie. Alikuwa mtu mkali wa matumizi lakini hakuwa mtu mbaya, na ukali wenyewe ulikuwa na sababu. Kompyuta ilitumia laini yetu ya simu, laini moja tu, na simu yenyewe iliunganishwa hadi Kisumu, ikilipiwa kwa kila dakika. Kwa hiyo aliweka utaratibu. Barua zote ziandikwe laini ikiwa imefungwa. Asubuhi katibu apige, atume, akate mara moja. Jioni, bei ya simu ikishashuka, apige tena, apokee, akate. Kutuma kulikuwa na saa yake na kupokea saa yake. Mtu mwingine yeyote asiguse kile kisanduku cha modemu kinacholia kama jogoo aliyekabwa. Bili ya simu ilipungua kweli, na sote tuliusifu utaratibu ule.

Niliandika maneno ya baba kama alivyoyasema, nikaongeza ya daktari. Asubuhi katibu akapiga, modemu ikalia, akakata. "Imeenda, dada," akaniambia. Jioni nikaenda wodini nikamwambia baba barua imeshafika.

Sasa nafikiri neno hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Nilijigamba. Nilimwambia ni mashine ya ajabu, kwamba kabla hajamaliza uji wake kaka atakuwa ameisoma. Barua ya posta ikichelewa kuna wengi wa kulaumiwa: mvua, gari, mtu wa posta, jirani aliyeisahau mfukoni. Hii niliyoisifu, ikinyamaza, wa kulaumiwa alibaki mmoja, kaka.

Kila jioni nilisimama nyuma ya kiti cha katibu wakati anapokea. Barua ziliingia, za wafadhili, za mikutano, za watu nisiowajua. Ya kaka haikuwemo. Nikafunga obusuma, ugali wa kwetu, na mchuzi wa ingokho, kuku, kwenye bakuli, nikaenda wodini, na baba hata kabla ya kuniamkua aliuliza, "Amesema?"

"Bado, baba."

Siku za kwanza alisema labda ana mtihani. Baadaye akawa anaangalia tu dirisha. Niliandika barua ya pili, na ya tatu, na katibu akazipeleka zote, na jioni kukawa vilevile.

Baba mdogo alikuja kutoka Matungu na maembe kwenye mfuko. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza habari ya mashine, halafu akasema mbele ya baba, "Si mmesema inafikanga siku hiyohiyo? Basi mtoto amesikia, na amenyamaza. Huyo alishavuka maji. Tusimsumbue."

Nilimchukia kwa maneno hayo, lakini nikiyapima leo naona hakusema uongo wowote. Alichukua nilichomwambia mimi akakihesabu vizuri. Tena alikuwa amekuja kwa miguu kutoka barabarani na goti lake bovu, na yeye ndiye aliyekuwa akimwosha baba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumwona kaka kwa jicho hilo.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, fundi wa baiskeli aliyekatwa mguu, ndiye pekee aliyemtetea. "Mzee, labda huko walipo hawana vidole. Baridi imekula," akasema. Baba akacheka kidogo, halafu akashika tumbo.

Jambo lilifunuka kwa njia nyingine kabisa. Bosi aliletewa barua na wafadhili, iliyoingia jioni pamoja na nyingine, wakiuliza kwa adabu kwa nini hawajapata taarifa zetu zote za muhula ule. Asubuhi akamwita katibu, mimi nikiwa mezani kwangu. Katibu hakuogopa hata kidogo. Alifungua programu, akafungua sanduku la barua zinazotoka, akageuza skrini. "Hizi hapa, bosi. Zote nimetuma. Nakala ndizo hizi."

Naomba nimtetee hapa, maana baadaye walimsema vibaya. Katika ofisi zetu zote, tangu enzi ya taipu, kuna faili ya barua zilizotoka. Unapiga chapa na karatasi ya kaboni, barua yenyewe inakwenda posta, nakala inaingia katika faili hiyo. Isiyokwenda inabaki kwenye trei juu ya meza, mtu anaiona. Faili ikinenepa, katibu amefanya kazi. Kwa hiyo sanduku lile la kompyuta lilipozidi kujaa, yeye alizidi kuridhika, nami nilikuwa nikiliona na kuridhika pamoja naye. Maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakitokea kwenye skrini wakati wa kutuma aliyaona, lakini alidhani ni malalamiko ya kukata simu upesi, na kukata upesi ndiko alikoagizwa.

Bosi aliiangalia skrini kwa muda. Ni yeye aliyeona kwamba chini ya sanduku lile kulikuwa na jingine, la zilizokwisha kutumwa, na alipolifungua, barua ya mwisho ndani yake ilikuwa ya zamani, ya kabla baba hajalazwa. Nikasogea. Katika zile zilizosongamana juu niliona anwani ya kaka, nikaiona tena, nikaiona tena.

Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha, sitaficha. Kaka hakutunyamazia. Kisha nikamkumbuka baba na dirisha lake.

Saa ya chakula nilikwenda wodini mbio. Nikamwambia, "Baba, barua hazikwenda. Hata moja. Kaka hajui kitu."

"Juzi ulisema zimefika."

"Tulidhani. Ni mashine."

"Mashine," akasema. Alikuwa amesikia neno hilo mara nyingi maishani mwake. Trekta la mtu lisipokuja, miwa ikakauka shambani baada ya kukatwa, jibu huwa ni hilo. Alinipapasa mkono, akaniambia nirudi kazini nisifukuzwe.

Mchana ule na kesho yake yote tulishughulika na ile programu, mimi na katibu, bosi akiingia na kutoka. Fundi wa kampuni iliyotuunganisha alikuwa Kisumu, na ugumu ulikuwa huu: laini ni moja. Ukiongea na fundi huwezi kujaribu, na ukijaribu huwezi kuongea naye. Anasema angalia kitu fulani. Tunakata. Tunachomeka modemu, inalia, tunatuma, inakataa. Tunachomoa, tunampigia, simu yake inatumika. Tukimpata amesahau sisi ni akina nani.

Tuliangalia waya. Tuliandika upya neno la siri. Fundi alisema labda barua nzito imeziba njia, na kweli mbele ya foleni kulikuwa na picha ya mizinga ya nyuki, kubwa ajabu. Tukaitoa, ikakataa vilevile. Kilichotuchanganya ni kwamba kupokea kulikuwa sawa. Kila tulipojaribu kupokea jioni, barua ziliingia bila shida. Katibu alimuuliza fundi, mlango unaoingiza watu mbona usitoe? Fundi akamjibu kwamba si mlango mmoja. Mtambo unaotuletea barua ni mwingine na unaozichukua ni mwingine, na huo wa pili hautuulizi neno la siri.

Alikuwa amechoka, nasi tulikuwa tumechoka. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: tunatuma saa ngapi, na tunapokea saa ngapi?

Nikamweleza utaratibu wetu. Asubuhi hivi, jioni hivi.

"Hapo ndipo penyewe," akasema.

Alinieleza taratibu, na hili nimelielewa vizuri. Watu wasiojulikana walikuwa wakiutumia mtambo wao kutuma takataka duniani kote. Kwa hiyo kampuni ilibadilisha sheria. Sasa mtambo wa kutuma ulimkubali tu mtu aliyetoka kupokea barua zake muda huohuo, maana kule kwenye kupokea ndiko neno la siri linakoulizwa. Ukipokea kwanza, unajulikana. Ukituma papo hapo bila kukata, unapitishwa. Sisi asubuhi tulikuwa tukibisha kama wageni, na jioni tukishajulikana tulikuwa hatuna la kusema. Alisema wateja walitangaziwa. Siwezi kukana. Huenda tangazo lilikuja kwa Kiingereza kati ya mengine, likasomwa na mtu mwenye haraka.

Programu haikuwa na ubovu. Ule ubahili wetu uliosifiwa ndio uliokuwa umefunga njia.

Tukapiga. Tukapokea kwanza. Katibu akataka kukata kwa mazoea, nikamshika mkono. Akabonyeza kutuma, na ile orodha ikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, taarifa za miche, taarifa za nyuki, na katikati yake barua zangu kwa kaka. Sanduku likabaki tupu. Katibu alifunika uso kwa mikono. Bosi alisema tu, "Bili italeta maneno," akaenda zake. Tangu siku ile hakutuuliza tena kuhusu dakika za simu.

Jibu la kaka lilikuwepo asubuhi iliyofuata. Alikuwa amezipata zote tatu kwa mpigo, na maneno yake yalikuwa yanakimbiliana. Aliandika hana nauli, anajaribu kukopa, lakini kwanza nimwambie baba. "Mwambie sina kinyongo. Mwambie kilikwisha kabla sijapanda gari. Niliogopa kuandika hivyo kwa sababu yeye hakuandika." Alisema anaiandika pia barua ya mkono na kuiweka posta siku hiyo. Nambari mpya ya simu hakuiweka, na hata kama angeiweka, wodi haikuwa na simu inayotoka nje ya hospitali, na baba hakuweza tena kubebwa mpaka kwenye simu yetu. Kwa hiyo nikachapisha. Printa yetu ilikuwa ile ya nukta nukta inayolia kama cherehani.

Baba mdogo alikuwepo nilipofika. Baba alikuwa macho, macho yake ya manjano. Nikampa karatasi mkononi, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Aliishika. Akaiangalia mbele, akaigeuza. Akapapasa mgongo wake kwa kidole gumba, kutoka juu mpaka chini, pole pole. Halafu akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu."

"Baba, si mimi. Ni yeye."

"Wewe ndiye unapiganga taipu."

"Jina lake liko juu hapa. Angalia."

"Jina hata mimi naweza kupiga nikionyeshwa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeshukuru kwa uji. "Usihangaike. Nimesikia."

Nilimwangalia baba mdogo anisaidie. Aliichukua karatasi, akaichungulia, akasema ni ya kaka kweli, lakini aliisema kwa haraka ya mtu anayetaka mgonjwa alale, na baba alimjua ndugu yake.

Kesho yake nilikwenda na katibu. Aliapa kwa macho yake kwamba aliiona ikiingia. Baba alijikaza akaketi kwa heshima ya mgeni, akamshukuru. "Nyinyi wa ofisi mko na roho nzuri," akamwambia. Kwake yeye, sasa tulikuwa wawili tuliotunga.

Nikamwandikia kaka ukweli, na nikamwomba aandike jambo ambalo mimi siwezi kulijua. Tukapokea, tukatuma, na jibu likaja. Aliandika kwamba asubuhi ile alipofika kwenye kona aligeuka nyuma, akamwona baba amesimama ndani ya miwa, shati lake limefungwa kiunoni, anaangalia. Baba aliporudi nyuma mashina yakamfunika. Hawakuitana. Hajamwambia mtu.

Nikaipeleka hiyo nikiwa na hakika. Nilipofika kwenye shati, baba alifumbua macho. Fundi wa baiskeli kwenye kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Nani alikuambia hiyo?"

"Hakuna, baba. Ameandika yeye."

Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani limekwisha, kwamba ameamini. Uso wake ulilegea. Kisha akatingisha kichwa.

"Mama yako alinionaga pale," akasema. "Alikuambia."

Mama hakuniambia. Lakini nilikuwa na kitu gani cha kuonyesha? Karatasi ilikuwa laini nyuma, na herufi zote zimesimama wima. Zingekuwa zimesimama vilevile kama ningeziandika mimi. Nimefikiria sana tangu wakati ule kama kulikuwa na njia ya kumfanya aamini ambayo mtu mwenye akili zaidi angeiona. Sijui. Labda ipo.

Nilianza kukunja karatasi. Baba akanishika kifundo cha mkono.

"Kesho niandikie nyingine," akasema.

Nikampelekea nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa za kaka, neno kwa neno. Alizisikiliza zote. Wakati mwingine alisema kijana hangesema hivyo, angesema hivi, nami nikasema nitarekebisha. Alikufa mchana mmoja baba mdogo akimbadilisha shuka. Tulimzika Matungu. Barua ya mkono ilifika baadaye, nikaisoma peke yangu, nikaiweka pamoja na zile nyingine. Nauli ya kaka haikupatikana.

Baada ya mazishi kaka aliniandikia akiuliza baba alisema nini aliposikia maneno yake. Nilikaa mbele ya kompyuta laini ikiwa imefungwa, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Sikutaka kumdanganya, wala sikutaka kumpa kitu ambacho hangeweza kukibeba akiwa kule peke yake. Mwishowe nilimwandikia kwamba baba alisikiliza mpaka mwisho, na akasema imeandikwa vizuri.

Ndivyo alivyosema.